Ufa wa juu ya mlango

*Tunaishi Kadutu, hapa Bukavu, mimi na mume wangu na watoto wanne, katika nyumba ya matofali ya kuchoma tuliyoijenga kidogo kidogo. Wiki mbili zilizopita, usiku, nilisikia mlio kama lori kubwa linapanda mlima. Nikapata muda wa kumvuta mtoto mdogo karibu yangu, ndipo nyumba ikatikisika. Asubuhi tukaona ufa: unaanzia kona ya juu ya mlango, unapanda kwa mshazari mpaka kwenye ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya mabati. Jirani anasema ulikuwepo zamani, mimi sina hakika. Tangu siku hiyo watoto wanalala uani chini ya turubai. Mdogo wangu aliye Goma anasema ni Nyiragongo inajiandaa, na gesi ya ziwa italipuka itumalize wote. Kwenye WhatsApp inazunguka sauti inayotaja hadi tarehe na saa ya tetemeko kubwa. Wengine wanatutuliza kwamba haya madogo yanapunguza nguvu, kubwa halitakuja tena. Mume wangu anataka tuuze parseli tuhamie Uvira. Tufanye nini?*

Jambo Mama, na pole kwa usiku ule.

Nimesoma barua yako mara tatu kabla ya kujibu, kwa sababu ndani yake kuna mambo manne yaliyofungwa katika kitambaa kimoja: mlima wa moto, gesi ya ziwa, tarehe ya WhatsApp, na ufa wa ukuta. Naona hapo nyumbani mnaongea sana habari za yale matatu ya kwanza. Mimi, baada ya miaka mingi ya kusoma miamba na mitetemeko ya Kivu, ningeyaweka kando yote matatu nikakaa na ufa. Lakini mtu mwenye hofu hasikii habari za ukuta kabla moyo haujatulia, basi tuanzie kwenye hofu.

Umeandika kitu kidogo ambacho kwangu ni kikubwa. Ulisikia mlio kwanza, ukapata muda wa kumvuta mtoto, ndipo nyumba ikatikisika. Hapo ulikuwa unapima tetemeko bila kujua. Mwamba unapokatika huko chini, hutuma mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja. La kwanza husukuma na kuvuta, linakwenda kama kilomita 6 kwa sekunde, na likitoka ardhini kuingia hewani sikio huweza kulisikia kama ngurumo au lori. La pili hutikisa huku na huku, lina nguvu zaidi, ndilo linalobomoa, lakini ni la polepole: kama kilomita 3.5 kwa sekunde. Tetemeko likiwa mbali, la pili linaachwa nyuma zaidi. Kanuni ya haraka tunayoitumia ni hii: hesabu sekunde kati ya mlio na mtikisiko, zidisha kwa 8, utapata umbali wa kilomita.

Kumvuta mtoto aliyelala kando yako huchukua sekunde 2, 3, labda 4. Hiyo ni kilomita 16 hadi 32. Nyiragongo iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Kadutu. Tetemeko dogo la kutoka kule lingekupa zaidi ya sekunde 12, muda wa kuita watoto wote kwa majina, na huo mlio usingeusikia. Kwa hiyo lile lilikuwa la huku kwetu kusini: chini ya ziwa, chini ya Kabare, au ng'ambo upande wa Rwanda. Mlima wa mdogo wako haukuhusika.

Kwa nini basi huku kwetu? Kwa sababu tunaishi ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, unaoanzia Ziwa Albert, ukapita Edward, Kivu na Tanganyika hadi Ziwa Malawi. Pande zake mbili zinaachana. Hapa Kivu mwendo wake ni milimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Ukucha wako hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Chukua donge la bugali lililopoa ulivute polepole kwa mikono miwili. Ndani linanyooka, lakini ngozi ya juu iliyokauka inapasuka, na kipande cha katikati kinadidimia. Ndivyo ilivyo ardhi yetu. Huko chini sana mwamba una joto na unavutika. Kilomita 20 au 30 za juu ni ngumu na baridi, nazo zimekatika kwa mipasuko mirefu.

Mipasuko hiyo umekwisha kuiona kwa macho. Ukishuka kwa gari kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola, ule mteremko wa Ngomo unaowafanya abiria wanyamaze ni ngazi ya Bonde la Ufa: upande mmoja umebaki juu, mwingine umeteleza chini. Ruzizi yenyewe inatoka ziwani kwenye mita 1,460 juu ya bahari na kuingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Mto unafuata ngazi hiyo. Idjwi ni bonge la mwamba wa zamani lililobaki juu wakati pande zake zimeshuka. Na yale maji ya moto ya Katana yanapanda kutoka kina kirefu kwa kufuata nyufa hizohizo za mwamba.

Mpasuko hautelezi kila siku. Pande zake zimekabana kwa msuguano, na mvutano unajikusanya miaka na miaka. Siku moja msuguano unashindwa, kipande kinateleza kwa sekunde chache, na mtikisiko unasambaa. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 24, 2002 kule Kalehe, kwa ukubwa wa 6.2. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya Februari 3, 2008, saa tatu na nusu asubuhi, ukubwa wa 5.9, kama kilomita 20 kaskazini ya Bukavu. Tena Agosti 7, 2015, usiku, zaidi kidogo ya 5.5, upande huohuo wa kaskazini. Kusini yetu, Desemba 5, 2005, Ziwa Tanganyika lilitoa la 6.8 na Kalemie ikaumia. Sikutajii hizi ili kukutisha. Nataka uone kwamba tetemeko la kati ya 5 na 6 ni jambo ambalo mtu wa Bukavu atakutana nalo zaidi ya mara moja maishani, kama mvua kubwa, na nyumba inapaswa kujengwa kwa kulitarajia. Kubwa kuliko hilo huja kwa nadra zaidi, lakini mwamba wetu ni wa aina ileile ya Tanganyika.

Sasa mdogo wako. Yeye anasema aliyoyaona, na aliyoyaona ni ya kweli kwa Goma. Mei 22, 2021 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikafika pembezoni mwa mji. Siku zilizofuata ardhi ikatikisika usiku na mchana, nyufa zikafunguka barabarani Goma na ng'ambo Rubavu, na Mei 27 wakaaji wa kartie 10 wakaamriwa kuondoka. Wengi walikuja kwenu Bukavu kwa boti, labda mlimpokea mmoja. Kilichokuwa kikitokea ni magma kujipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani, kama kabari inayogongwa ndani ya ubao. Kila ilipofungua njia, mwamba ulikatika kidogo: mitetemeko mingi, midogo, ya karibu na uso wa ardhi. Magma iliposimama, mitetemeko nayo ikapungua. Hiyo ni mitetemeko ya volkano. Yetu ya Bukavu ni ya mipasuko, nayo haisubiri mlima wowote. Huwezi kutazama wekundu wa Nyiragongo usiku ukajua kama Kadutu italala salama. Mdogo wako, kama anakaa kwenye mashimo ya lava upande wa magharibi wa Goma, aogope zaidi mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watoto alfajiri. Watu wa kule waliipa jina hilo, na leo wanasayansi wa dunia nzima wanaliandika hivyohivyo.

Ziwa sasa. Ni kweli kwamba chini ya Kivu, kuanzia mita 250 hivi kwenda chini, kuna gesi nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji: zikitolewa nje zingejaza kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya kaboni na 60 hivi za methane. Ni kweli pia kwamba Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitema hewa yake ya kaboni na kuua zaidi ya watu 1,700. Ndiyo maana hadithi ya mlipuko wa Kivu haiishi. Lakini fikiria chupa ya soda. Ukiitikisa na kuifungua inamwagika kwa sababu imejazwa gesi kupita kiasi inachoweza kushika baada ya kufunguliwa. Maji ya chini ya Kivu yanashika kama nusu tu ya gesi ambayo uzito wa maji yaliyo juu yake ungeweza kuibana, tena ni mazito na yenye chumvi kuliko ya juu, kwa hiyo yanakaa chini kwa uzito wake yenyewe. Ili yatoke, ni lazima kitu kiyanyanyue kwa mamia ya mita.

Na jaribio tumekwisha kulipata, bila kuliomba. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani. Miezi tisa baadaye Kalehe, iliyo ukingoni mwa ziwa, ikatikiswa kwa 6.2. Mwaka 2008 tetemeko la 5.9 lilipiga kwenye bonde la ziwa lenyewe. Gesi haikutoka mahali pake. Siwezi kukuambia hatari ni sifuri: mlipuko mkubwa wa volkano kwenye sakafu ya ziwa ungekuwa habari nyingine, na kwa ajili hiyo maji hayo hupimwa, na upande wa Rwanda methane inavutwa na kugeuzwa umeme. Ila kati ya ziwa na ukuta wa chumba chenu, ukuta ndio uliokwisha kuua watu.

Kuhusu sauti ya WhatsApp nitakuwa mfupi. Hakuna mtu duniani, si Japani, si Marekani, si Goma, anayeweza kutaja tarehe na saa ya tetemeko. Tunaweza kusema mahali gani huwa yanatokea na yana ukubwa gani kwa kawaida. Siku, hapana. Anayetaja saa, umfute.

Wale wanaowatuliza nao wamekosea, ingawa kwa moyo mzuri. Ngazi moja ya ukubwa ni nguvu mara 32 hivi. Ngazi mbili ni mara 1,000. Ili matetemeko ya ukubwa wa 4 yalipe deni la tetemeko moja la 6, ingebidi mtikiswe hivyo mara elfu moja. Hayapunguzi kitu cha kutajika. Wala, kwa upande mwingine, si tarumbeta ya kubwa: mara nyingi mtikisiko mdogo huja, ukafuatwa na mingine midogo zaidi kwa siku kadhaa, ukaisha. Uwezekano wa kubwa kufuata huwa juu kidogo katika siku chache za kwanza, kisha unashuka. Wiki zenu mbili zimekwisha pita.

Basi tukae na ufa.

Asubuhi iliyofuata tetemeko la 2008 nilizunguka vijiji vya Kabare nikitazama kuta. Kuna moja sijaisahau. Ile pembetatu ya matofali ya chini ya mabati ilikuwa imeanguka nje nzima, imelala juu ya majani kama mkeka ulioanikwa, mistari ya matofali bado imepangwa. Niliinama nikaokota tofali moja. Lilitoka safi, halikushika hata punje ya udongo wa kujengea. Nilipousugua ule udongo kati ya kidole gumba na cha shahada, ulimwagika kama mchanga wa ufukweni. Sima, yaani saruji, iliyokuwa ndani ilikuwa ya kuhesabika. Hatua 5 kutoka pale ilisimama nyumba ya mbao ya jirani, kalenda bado inaning'inia kwenye msumari. Mtikisiko ulikuwa mmoja kwa nyumba zote mbili. Siku ile, ng'ambo ya Rwanda, katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, walikufa zaidi ya watu 30, na kati yao walikuwemo waliokuwa kanisani kwa ibada ya Jumapili. Kanisa ni kuta ndefu, za juu, zisizo na kuta za kukatisha ndani, na pembetatu kubwa mbele na nyuma. Ukuta wa namna hiyo ukisukumwa ubavuni hauna pa kujishikia.

Matofali hubeba uzito kwenda chini vizuri sana. Hayawezi kuvutwa wala kukunjwa. Tetemeko linauvuta ukuta huku na huku, na kila ukuta unataka kucheza ngoma yake, wa mbele kivyake, wa pembeni kivyake. Kinachoziokoa ni kuzifunga pamoja juu kwa mkanda wa betoni wenye vyuma, unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, ule mafundi wetu wanaouita shenaji. Nyumba zinazojengwa kidogo kidogo mara nyingi hukosa mkanda huo, kwa sababu fedha ya vyuma hufika wakati mabati yamekwisha pigwa misumari. Simlaumu mtu. Lakini ndilo swali la kwanza ningemwuliza mumeo: juu ya milango na madirisha, betoni inazunguka nyumba nzima, au kuna ubao mfupi tu juu ya kila mlango?

Jirani wako na wewe mnaweza kumaliza ubishi wenu leo. Chukua tochi, tazama ndani ya ufa. Ufa wa zamani ni mchafu: una vumbi, moshi wa jikoni, utando wa buibui, pengine hata rangi iliyoingia mlipopaka ukuta. Ufa mpya unaonyesha wekundu safi wa tofali, kama tofali lililovunjwa jana. Naona uwezekano mkubwa kwamba utakuta vyote viwili: sehemu ya chini karibu na mlango ni chafu, ya juu ni safi. Kona ya mlango ndipo ukuta unapoanza kupasuka karibu kila mara, na tetemeko hurefusha kilichokwisha anza.

Kisha utazame umbo lake. Nyufa mbili zinazokatana kama herufi X kati ya madirisha ni alama ya mtikisiko. Ufa wa wima kwenye kona ya nyumba, ambapo kuta mbili zinakutana, ni mbaya, maana kuta zimeanza kuachana. Ufa unaopanda kwa mshazari ukifuata ngazi za matofali, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, mara nyingi unasema habari ya msingi: sehemu ya nyumba inashuka. Huo wako unaelekea huko, na ndiyo sababu ninakuuliza habari za ardhi kuliko za tetemeko.

Vilima vya Bukavu ni lava ya kale sana iliyooza mpaka ikawa udongo mwekundu wa mfinyanzi, mahali pengine unene wa mita nyingi. Mvua ikiunyonyesha kuanzia Septemba, unakuwa mzito na unateleza. Funu unaijua: ule mlima unatembea mwaka hadi mwaka na nyumba zikiwa mgongoni mwake. Hauhitaji tetemeko. Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mvua peke yake ilishusha maji, mawe na matope, na zaidi ya watu 400 wakafa. Kwa hiyo zunguka nyumba yenu ukitazama. Je, ngazi ya uani imeachana na ukuta? Mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama? Miti ya jirani wa juu imeinama yote upande mmoja? Bomba la maji linakatika palepale kila msimu? Maji yameanza kutokea mahali palipokuwa pakavu? Ukipata ndiyo mbili au tatu, ufa wako unatoka kilimani, na tetemeko lilikuonyesha tu.

Ili kuwa na hakika, upime. Chora kwa penseli mistari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, mahali patatu: chini, katikati, juu. Pima umbali kati ya mistari kwa rula ya mtoto ya shule, uandike milimita na tarehe pale pale ukutani. Ukipata kipande chembamba cha kioo, kigundishe kwa sima kukatisha ufa. Kioo hakivutiki, ufa ukisogea hata kidogo kinavunjika. Tazama kila Jumapili, na asubuhi ya kila mvua kubwa. Usiuzibe kwa plasta sasa. Plasta itakuficha jambo unalohitaji kulijua.

Vipimo visipobadilika msimu mzima wa mvua, nyumba yenu inatengenezeka. Ningeanza na pembetatu ya juu, kwa sababu ndiyo inayoanguka kwanza na kazi yake si kubwa: bomoeni matofali hayo taratibu kuanzia juu, mzibe kwa mbao au bati. Mwendo huo mmoja huondoa mamia ya kilo juu ya vichwa vya watoto. Hatua inayofuata ni mkanda wa betoni juu ya kuta. Ina gharama, na itabidi mabati yafunguliwe, kwa hiyo si kazi ya mwezi huu kama fedha haipo. Kati ya hizo mbili kuna njia ya katikati: wavu wa chuma uliofungwa ndani na nje ya ukuta kwa waya unaopenya, kisha plasta ya sima juu yake. Ukuta bado utapasuka siku ya tetemeko, lakini matofali yatabaki ndani ya wavu. Kuongeza ukuta wa ghorofa juu ya nyumba hiyo, hapana, hata kama fundi atakuhakikishia.

Na maji. Kama mabati yenu hayana mifereji, maji yote ya paa yanapiga kwenye msingi, na kilima kinakunywa. Mfereji wa bati, mtaro uliojengwa kwa mawe mpaka kwenye mtaro mkubwa wa avenyu, na shimo la choo lililo mbali na ukingo: kazi hizi hazionekani kama za tetemeko, lakini kwa mteremko wa Kadutu ningezitanguliza mbele ya betoni.

Watoto sasa warudi ndani. Usiku wa kwanza kulala nje ilikuwa busara. Wiki mbili chini ya turubai, kwa baridi na mbu wa huku kwetu, homa ya mapafu na malaria vimekuwa hatari ya karibu kuliko mpasuko. Walale katika chumba kilicho mbali zaidi na ukuta wenye ufa, vitanda visiguse ukuta wa pembetatu, kabati nzito lifungwe ukutani au liondolewe. Viatu na tochi chini ya kitanda, maana majeraha mengi ya usiku ni ya miguu iliyokanyaga vioo.

Mtikiswapo, utasikia ushauri wa aina mbili, na kila mmoja una mahali pake. Kwenye nyumba ya matofali isiyo na mkanda, ya chini, kama mlango uko hatua 2 au 3 na nje pana uwazi, tokeni mara mnaposikia mlio. Lakini najua vichochoro vya Kadutu: pengine mtu mwenye bidoni ya maji hapiti bila kugeuka ubavu, na ukuta wa jirani wa juu unakuinamia. Kutoka hapo ni kuukimbilia ukuta. Kama kwenu ni hivyo, ingieni chini ya meza imara au mjikunje kando ya kitanda, mkono juu ya kichwa na shingo, mpaka litulie, ndipo mtoke polepole. Nendeni mkajaribu mchana, pamoja na watoto, mkihesabu hatua. Utajua jibu la nyumba yenu kwa dakika moja. Likitulia, zimeni makaa kabla ya jambo jingine.

Uvira. Mwambie Baba kwa heshima kwamba akihama kwenda Uvira hajatoka katika Bonde la Ufa. Ameshuka kwenye sakafu yake. Mji ule uko chini ya ukuta wa milima uliotengenezwa na mipasuko hiyohiyo, kando ya Tanganyika iliyotoa 6.8. Udongo wa bondeni, mchanga uliolowa maji, hutikisika zaidi kuliko mwamba, na Aprili 2020 mafuriko yaliubomoa mji ule vibaya. Kuna sababu nzuri za kuhamia Uvira, kama ndugu au kazi. Tetemeko si moja yake. Fedha ya kuuza parseli haraka, kwa hofu, na ufa mbele ya mnunuzi, itakuwa ndogo pia. Lakini ukikuta dalili za kilima kutembea, nitakubaliana naye kuhusu kuhama, ila kwa umbali mfupi: parseli nyingine isiyo kwenye mteremko mkali, hata kama ni ndogo, na nyumba ya mbao kwanza. Hapo usimwachie mtu mwingine ufa huo bila kumwambia.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Kama kidole chako kidogo kinaingia kwenye ufa, kama ukuta umeinama ukiutazama kwa uzi wenye jiwe, kama kona zimeachana, au kama kioo kimevunjika na vipimo vinaongezeka kwa wiki, chumba hicho kisilaliwe tena, na mwite mhandisi wa ujenzi aje aone kwa macho. Mhandisi, maana fundi aliyejenga atapenda kuziba. Kama majirani wa mstari mmoja wote wana nyufa zinazoelekea upande mmoja, nendeni pamoja na mkubwa wa avenyu kwenye ofisi ya komini, na muombe wataalamu wa ardhi waje. Kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro kuna watu wanaosoma mitetemeko na maporomoko ya Kivu, nao husikiliza zaidi wanapofuatwa na mtaa kuliko mtu mmoja. Na ufa mpya ukitokea ardhini, uani, hata mwembamba, wakati wa mvua, msingoje ofisi yoyote. Tokeni usiku huohuo.

Ukiniandikia tena, nitajie mambo matatu: rangi ya ndani ya ufa, milimita za penseli kwa wiki nne, na kama kuna mkanda wa betoni juu ya milango. Nitakujibu.